Kasa Aliyevua Gamba

Naapa mbele ya fuvu la mamba, lile pale mlangoni lenye meno sitini na sita, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu kuanzia kichwani mpaka mkiani. Chumvi sijaongeza, kule kwenyewe ilikuwa nyingi mno, kama mtakavyosikia. Atakayenikamata na uongo mmoja, hata uwe mdogo kama kidole cha panya, nitachukua ndoo na mswaki nimsugue huyu nyangumi anayening'inia juu ya vichwa vyenu, pingili moja baada ya nyingine. Haya, kaeni kitako. Na wewe wa fulana ya kijani, acha mbavu za twiga.

Dhoruba iliwakuta saa nane mchana, kisiwa kimeshazama nyuma yao na bara bado halijachomoza mbele. Ilianza kama mstari wa wino pembeni mwa bahari. Kisha mstari ukavimba, ukasimama, ukaanza kutembea.

"Shemeji, lile ni wingu au ukuta?" aliuliza mwanamke aliyekaa mbele ya boti.

"Wingu dogo tu," alijibu mwanamume aliyeshika usukani. "Mashine hii imeshapita kwenye mawingu ya kila aina. Kaa chini."

Mwanamke huyo walimwita Bi Mifupa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha wanyama waliokwisha kufa. Fundi cherehani huletewa kitambaa. Yeye aliletewa ndovu ndani ya masanduku kumi na manne, akamrudisha amesimama. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dirisha la tiketi la makumbusho haya, kikinuka gundi na magadi, waya wa shaba ukining'inia misumarini kama nywele. Rafu alizipanga kwa jamaa zao: samaki chini, juu yao amfibia, kisha reptilia, ndege, na mamalia juu kabisa. Mgeni akisema mamalia wako juu kwa sababu ndio bora, alimjibu, "Wako juu kwa sababu rafu ya juu ndiyo ndefu."

Mwanamume alikuwa mume wa mdogo wake, dereva wa boti. Aliitwa Mashine, kwani hakuweza kusema maneno kumi bila kuisifia mashine ya boti lake. Alikuwa mrefu, mabega mapana, meno meupe, shupavu kupindukia. Hilo nalisisitiza.

Walikuwa wanatoka kufukua nguva. Mwaka mmoja nyuma, mnyama huyo alikuwa ametupwa na maji kisiwani, naye Bi Mifupa akamzika mchangani ili wadudu wamsafishie nyama. Sasa ukumbi mpya wa wanyama wenye uti wa mgongo ulikuwa karibu kufunguliwa, na katikati yake kulikuwa na kiunzi kitupu chenye kibao kilichoandikwa NGUVA. Kwa hiyo ndani ya boti kulikuwa na mizigo miwili iliyokuwa na maana: gunia la mifupa ya nguva, na dumu la lita ishirini la maji ya kunywa.

Wimbi la kwanza liliwalowesha. La pili likaizima mashine, ikakohoa mara mbili na kunyamaza, na uso wa mwenyewe ukawa kama wa mtu aliyesalitiwa na ndugu. La tatu halikuwa wimbi tena. Lilikuwa bahari nzima imeamua kukaa ndani ya boti. Boti lililala ubavu. Ile mashine iling'oka kwenye kiti chake, ikaugandamiza mguu wa dereva kwenye ukingo, ikaanguka majini. Kasia moja likakatika vipande viwili. Na vitu vyote vikaanza kuteleza kuelekea kwenye maji.

Bi Mifupa aliviona vyote viwili, gunia na dumu, vikimpita taratibu, kama abiria wawili wanaoshuka bila haraka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwama kwenye ukingo. Wa kulia ulikuwa huru. Mkono ule ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini na sita ya kudaka mifupa isianguke mezani. Haukumuuliza mwenyewe. Ulidaka gunia.

Dumu lilielea kidogo, jeupe, likiwa limejaa, likaenda zake.

*

Walitupwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Dhoruba ilikwisha ghafla kama ilivyokuja, na baada yake kukawa kimya kiasi kwamba walisikia maji yakichuruzika masikioni mwao. Fungu lilikuwa na urefu wa mtaa mmoja na upana wa chumba cha darasa. Halikuwa na mti wala jiwe. Mchanga ulikuwa mweupe mno hata haukujulikana unaishia wapi na mwanga unaanzia wapi. Boti lilikuwa pale, limepasuka ubavuni ufa wa urefu wa mkono.

"Mguu wangu," alisema Mashine.

Bi Mifupa alipiga magoti, akapapasa ugoko wake kwa vidole viwili, amefumba macho, kama anavyopapasa mfupa asioujua.

"Hapa una mifupa miwili," alisema. "Mnene uko salama. Mwembamba ndio umevunjika. Shukuru hukuumbwa chura. Chura yake miwili imeungana ikawa mmoja. Ungeipoteza yote kwa mpigo."

"Asante, shemeji. Nilikuwa nakaribia kusikitika."

Alimfunga mguu kwa vile vipande viwili vya kasia na mkanda wa suruali. Alipokaza fundo, Mashine hakutoa hata sauti. Aliuma meno, akatazama mbali, kama mwanamume.

"Nipe maji ninywe," akasema.

Bi Mifupa alilikaza fundo mara ya pili, ingawa lilikuwa limeshakaza.

"Shemeji. Maji."

"Yamekwenda."

Mashine alitazama gunia lililoketi mchangani baina yao, limetuna, halina wasiwasi. Akalitazama tena. Kisha akamtazama yeye.

"Uliokoa hilo?"

"Mkono uliokoa."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Alicheka mpaka mguu ukamkumbusha kunyamaza. "Mdogo wako atakuja kuniulizia. Utamwambia, mumeo amekufa kwa kiu, lakini nguva hana hata kovu."

Alikuwa anatania, shemeji yule hakuwahi kuongea naye bila utani tangu siku ya posa. Lakini Bi Mifupa alihisi neno lile limeingia chini ya mbavu na kukaa. Nitamwambia nini mdogo wangu? Tangu hapo hakuwaza jambo jingine. Kila kilichofuata alikifanya kwa ajili ya kulijibu swali hilo.

*

Siku ya pili alilifungua gunia. Alitoa kombe la bega la nguva, pana na jembamba upande mmoja, akachimba nalo katikati ya fungu. Alichimba hadi kufikia kina cha kiuno. Maji yakajitokeza. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Akahamia hatua kumi mbele, akachimba tena. Chumvi. Shimo la tatu lilikuwa chungu zaidi ya bahari yenyewe.

Jua lilikuwa halina huruma. Akazitoa mbavu. Mbavu za nguva si kama za ng'ombe au mtu. Ni nene, zimeshiba, nzito kama mawe, kwani ndizo zinazomzamisha mnyama huyo alale chini ya maji akila majani yake. Akazichimbia mchangani jozi kwa jozi, zikipinda juu na kukutana, kisha akatandaza turubai la boti juu yake. Wakaingia chini, wakalala ndani ya mnyama.

"Sasa tumeliwa rasmi," alisema Mashine, midomo imepasuka.

"Usiseme sana. Unapoteza mate."

"Nitatumia ya kwako?"

Kivuli kilikuwa cha rangi ya asali. Upepo ulipita baina ya mbavu na kutoa sauti ya chini, kama mtu anayepumua usingizini. Ikawa vigumu kujua nani anapumua: yeye, shemeji, au nguva. Homa ya mguu ilimpanda Mashine, akaanza kuongea na mashine yake iliyozama, akiiambia ipande juu, maji ni baridi huko. Bi Mifupa alimpangusa paji la uso kwa kitambaa cha maji ya bahari na kuhesabu pingili za shingo yake kwa kidole, polepole, ili asilale. Moja, mbili, tatu. Saba. Akazihesabu za kwake. Saba. Panya ana saba. Twiga, na urefu wake wote ule, ana saba. Nguva ndani ya gunia ana saba. Moja, mbili, tatu.

Hapo ndipo walipoanza kutoka majini.

Walikuja mchana mweupe, kwa foleni, bila kelele, kama watu wanaoingia ofisini kutia sahihi. Wa kwanza alikuwa samaki, akitembea juu ya mapezi yake, ameona haya kidogo. Nyuma yake chura. Nyuma ya chura mjusi, kisha shakwe, kisha popo aliyejifunika mbawa kama mwavuli wa mvua, kisha fuko, farasi, pomboo, na mwisho kabisa nyangumi, ambaye kwa namna isiyoelezeka alienea kwenye fungu lile na bado nafasi ikabaki. Kila mmoja alifika mlangoni pa mbavu, akanyoosha mkono.

Bi Mifupa aliushika kila mkono. Aliupapasa amefumba macho, na ulikuwa ule ule. Mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vijiwe vya kifundo, kisha vidole. Popo alikuwa amevirefusha vidole akavitandikia ngozi. Fuko alikuwa amevifupisha akavifanya jembe. Farasi alikuwa ametupa vyote akabakiza kimoja na kusimama juu ya ukucha wake. Nyangumi alikuwa amevivika soksi. Lakini ndani ya soksi vilikuwemo, vimehesabika, kama vya mtu aliyelala na mikono chini ya shuka.

"Nyie nyote," alisema Bi Mifupa, "mmevaa mkono mmoja?"

Akatazama mkono wake wa kulia, ule ulioacha dumu, akahisi hauko peke yake tena kwa kosa lake. Ulikuwa mkono wa siku nyingi sana. Ulikuwa umewahi kuwa pezi.

Wa mwisho alikuja kasa, mzee, macho yanatoa machozi mazito kama walivyo kasa wote wakiwa nchi kavu. Hakunyoosha mkono. Alimtazama Mashine, aliyekuwa sasa haongei tena. Akainamisha kichwa. Kisha akavua gamba lake taratibu, kama mzee avuavyo koti akifika nyumbani, akaligeuza chali mbele ya mlango, na akarudi majini, mwembamba, mweupe, bila kugeuka nyuma.

Mvua ikaanza.

Bi Mifupa aliamka na matone usoni. Gamba lilikuwa pale, limelala chali miguuni pake, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto, na mvua ilikuwa inapiga ndani yake. Maji yalikuwa yamefika nusu. Hakupoteza muda kushangaa. Alichota kwa kiganja, akayatia kinywani mwa shemeji yake, tone kwa tone, mpaka koo lake likakumbuka kazi.

Mashine alifumbua jicho moja. "Haya hayana chumvi."

"Hayana."

"Umeyatoa wapi?"

"Kunywa, wewe. Mambo mengine baadaye."

Alipohakikisha amekunywa vya kutosha na kutapika na kunywa tena, ndipo naye akainama, akanywa mdomo kwa mdomo na gamba, kama mnyama.

*

Maji ya gamba yalikuwa ya siku mbili, si zaidi. Na mguu ulikuwa umevimba ukang'aa.

"Ndege," alisema Bi Mifupa jioni ile.

"Tumle?"

"Tumfuate. Mtazame."

Ndege mweusi mwenye shingo ndefu aliruka chini chini juu ya maji, peke yake, akaelekea upande ambao jua huchomozea.

"Na shakwe je? Leo wamepita hamsini, kila mtu na njia yake."

"Shakwe anaweza kulala juu ya maji wiki nzima, manyoya yake yana mafuta ya kutosha. Huyu ni mnandi. Anapiga mbizi, na manyoya yake yanalowa hadi ndani. Lazima atafute mahali pakavu akatandaze mbawa zikauke. Halali baharini. Jana jioni alikwenda upande ule ule."

"Una uhakika?"

"Nimewaunganisha minandi kumi na mmoja."

"Wakiwa hai?"

"Shemeji, nyamaza upande boti."

Alfajiri aliuziba ufa kwa vipande vya gunia lenyewe, akavikandamiza kwa ubao wa kiti. Mifupa, kwa kuwa haikuwa tena na gunia, aliipanga moja moja chini ya boti: fuvu mbele, pingili katikati, mbavu pembeni. Mashine alitazama tu. Hata utani una mahali pa kukaa kimya. Kujaa kwa maji kulipolinyanyua boti, Bi Mifupa alishika kasia lililobaki, akipiga maji upande huu, akipiga maji upande ule, na Mashine, amekaa mguu umenyooshwa, akaanza kuchota na kumwaga kwa lile gamba.

Kufikia saa tatu fungu lilikuwa limeyeyuka. Kufikia saa tano, maji yalikuwa yanaingia kuliko yanavyotoka. Yalifika kwenye vifundo. Yakafika nusu ya ugoko. Ukingo wa boti ulibaki upana wa kiganja juu ya bahari.

"Tuko wazito," alisema Mashine. Hakutazama mifupa alipolisema hilo. Alitazama upeo wa macho, kwa adabu.

Bi Mifupa aliweka kasia. Akachukua ubavu wa kwanza wa kulia, akaushika kidogo, akautupa. Ulizama bila kutoa povu, kama uliokuwa unangoja ruhusa. Akachukua wa pili. "Wa pili kulia," alisema. "Wa tatu kulia." Kila mmoja aliutaja, kama mwalimu anayeita majina siku ya mwisho ya shule. Zilipokwisha mbavu za kulia alianza za kushoto. Kisha pingili za mkia. Kisha makombe ya mabega, na mikono miwili yenye vidole vitano vitano ndani ya soksi isiyokuwapo tena. Fuvu alilikumbatia kwanza. Boti lilipanda kiganja kimoja, kisha viwili.

Alipozifikia pingili za shingo, akazitupa moja moja kuanzia chini. Saba. Sita. Tano. Nne. Tatu. Mbili.

"Bakiza mmoja," alisema Mashine.

"Nao ni uzito."

"Uzito wa andazi. Bakiza. Ule unaobeba kichwa."

Aliutazama. Mdogo, mfano wa pete pana, wenye vikombe viwili ambamo fuvu hukaa na kuitikia ndiyo. Akautia ndani ya blauzi yake, akashika kasia.

Mnandi aliwapita saa kumi jioni. Kisha wawili. Kisha kumi na zaidi, wote wakielekea mahali pamoja, na Bi Mifupa akawafuata kama mtu anayefuata wafanyakazi wenzake kutoka kazini. Wakaona mstari mweusi, wakadhani ni miamba, mpaka mstari ulipotandaza mbawa. Walikuwa minandi mia moja juu ya ukuta wa gati, mbawa wazi, wakijikausha kama nguo. Nyuma yao palikuwa na mzani wa kupimia kokoto, kibanda cha bati, na wanaume wenye vumbi jeupe waliokuwa wanavua glavu waende nyumbani. Mmoja aliangalia baharini, akapiga mluzi, na wote wakakimbia.

Mpishi wa kibanda kile, mama mnene mwenye sauti, ndiye aliyemnyanyua Bi Mifupa. Akampa jagi la maji. Bi Mifupa alilipokea kwa mikono yote miwili, akageuka, akampa shemeji yake kwanza.

Na hiyo ndiyo—

"Mbavu za kasa ziko wapi?"

Nani huyo? Ah. Nilidhani leo uko likizo, shemeji.

Bi Mifupa alikuwa amesimama nyuma ya twiga, kikoti chake cha kazi mwilini, sijui tangu saa ngapi.

"Jibu, wageni wanangoja," alisema. "Mbavu za kasa ziko wapi?"

"Ndani," nilijibu.

"Ndani ya nini?"

"Ndani... zimeungana na gamba."

"Na uti wake wa mgongo?"

"Nao umeungana na gamba."

"Kwa hiyo kasa akivua gamba?"

Yule wa fulana ya kijani akadakia, "Amevua mgongo!" Ukumbi mzima ukacheka, pamoja na mamba, naona.

"Gamba lilikuwa tupu, la kasa aliyekufa zamani," Bi Mifupa aliwaambia wageni. "Lilifukuliwa na mvua. Lile pale ukutani, namba mia nne na tatu. Na huyu mwanamume shupavu, mabega mapana, alipofungwa mguu alilia hadi ndege wakahama. Mwulizeni Mashine ni nani."

Wakanitazama. Nikautazama mguu wangu wa kushoto, ule unaochechemea wakati wa mvua.

"Lakini ndoto je?" nikajitetea. "Ndoto uliniambia mwenyewe!"

"Ndoto ni ya kweli," alisema, na sauti yake ikashuka. Alipita mbele ya nguva aliyesimama kwenye kiunzi katikati ya ukumbi, akamgusa shingoni. Nguva huyo alimchonga yeye mwenyewe kwa mbao, miezi kumi na minane, kutoka fuvu hadi mkia. Ni pingili ile ya kwanza tu ndiyo mfupa. "Hadithi yako ni kama huyu, shemeji. Mfupa mmoja, mengine umechonga."

Basi, nililipa. Hivi sasa niko juu ya ngazi, mswaki mkononi, pingili ya tisa ya nyangumi, na bado mkia hauonekani. Wageni wameondoka. Mara nasikia viatu vyake chini. Hapigi hatua siku hizi, hata kwenda dirisha la tiketi, bila chupa ya maji kwapani. Watoto wa ofisini humcheka.

"Shuka kwanza," anasema, akinyoosha mkono wa kulia. "Unywe."